Mwaka Niliompeleka Shangazi Goziba

Mwezi wa Desemba, kabla ya mwaka ninaotaka kuusimulia, nilikwenda kwenye msiba usio wangu.

Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa kikaoni parokiani, nikausoma kwa haraka huku mkono wa pili ukiandika kumbukumbu za kikao. Mama mzazi wa mwalimu mwenzangu alikuwa amefariki. Kesho yake nilipanda pikipiki kutoka Kahororo, ninakoishi na kufundisha, nikashuka mahali palipokuwa na turubai na watu wengi. Nikavua viatu, nikaingia ndani kukaa na akina mama. Nililia. Nililia kweli, kwa sababu nilikuwa nimechoka na machozi yalikuwa karibu. Baada ya karibu saa nzima, mama mmoja aliyekaa kando yangu aliniinamia.

"Dada, marehemu alikuwa nani wako?"

"Ni mama wa mwalimu mwenzangu."

Alinitazama kwa huruma ambayo hadi leo naiona. "Pole, dada yangu. Marehemu wetu ni mwanaume. Ni baba mwenye nyumba hii."

Hakuna aliyenicheka. Walinipa chai, nikainywa kwa kuwa sikujua la kufanya jingine, kisha nikaaga. Msiba wangu ulikuwa upande wa pili wa kilima. Nilipofika, watu walikuwa wanasafisha majembe. Mwenzangu alinikumbatia akasema, "Umekuja, inatosha." Angenigombeza ningepata nafuu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa jiografia, mwalimu wa darasa, mlezi wa klabu ya mazingira, katibu wa kamati ya parokia, katibu wa kwaya, mfugaji wa kuku wa mayai, na mwanafunzi wa kozi ya mtandaoni niliyoianza mara tatu. Nilikuwa pia mke, na mama wa mabinti wawili ambao walikuwa wamezoea kunitumia ujumbe kwenye simu nikiwa chumba cha pili, kwa sababu walijua simu nitaijibu. Nilipomsimulia mume wangu habari za msiba, hakucheka hata yeye. Alisema, "Kuna siku utajisahau mwenyewe mahali, na mimi sitajua pa kukutafuta."

Basi siku ya mwisho ya mwaka nikakaa mezani na daftari jipya, nikaandika maazimio. Yalifika kumi na tisa. Kuamka saa kumi alfajiri. Kumaliza kozi. Kunywa maji. Kusoma kitabu kimoja kila mwezi. Kupanua banda la kuku. Namba saba ilikuwa kupunguza mambo. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri, nikayapigia mstari kwa rula, nikajisikia mtu aliyekwisha kubadilika.

Siku mbili baada ya mwaka mpya nilikwenda Kimwani, kusini kabisa mwa Muleba, kumsalimia shangazi yangu. Ni dada mkubwa wa baba yangu, na baba alipofariki ndiye aliyebaki kuwa mlango wetu wa kurudia nyumbani. Anaishi peke yake kwenye kibanja cha ukoo, yaani shamba lile lile linaloizunguka nyumba, migomba na kahawa pamoja, na bondeni kuna mpunga wa watu wengine. Umri wake haujui vizuri. Tunakisia amepita sabini na tano. Si bibi mpole. Ana maneno makali, anasikia anachotaka kusikia, na Kiswahili anakijua lakini hakipendi, kwa hiyo yote ninayomnukuu hapa aliyasema kwa Kihaya.

"Nyegera, waitu," alinikaribisha, akanipa kahawa za kutafuna, zile buni ndogo zilizochemshwa na majani ya porini zikakaushwa. Akaona daftari likichungulia kwenye mkoba. "Umekuja kunisahihishia mitihani?"

Nikamweleza. Akataka nimsomee. Nilisoma yote kumi na tisa, nikiyatafsiri kwa Kihaya, na kadiri nilivyoendelea yalizidi kunitia aibu. Yeye alikuwa akihesabu kwa vidole. Vidole vilipokwisha akaanza vya miguu, akabakiza kidole gumba cha mguu wa kushoto tu.

"Sasa haya yote yakifanyika," aliuliza, "wewe utakuwa wapi?"

Nikafunga daftari. Nikamuuliza kama yeye huwa anaazimia chochote mwaka ukianza.

"Moja. Mimi sikusoma, siwezi kuandika. Moja ndilo ninaloweza kulikumbuka mpaka mwisho wa mwaka."

Akaanza kunihesabia miaka yake, si kwa tarakimu bali kwa mambo. Kulikuwa na mwaka wa kung'oa migomba iliyougua mnyauko na kupanda mipya, shina kwa shina, mpaka kibanja kizima kikasimama tena. Kulikuwa na mwaka wa kuacha ugoro. Mwaka wa kujifunza sala moja ndefu ambayo mama yake aliijua na yeye alikuwa anaimung'unya tu. Mwaka wa kutogombana na jirani wa upande wa chini.

"Huo nilishindwa," alisema bila kuona haya. "Mwezi wa pili tu. Mbuzi wake."

Nilicheka, kisha nikatazama nje. Nilikuwa nimekitembea kile kibanja tangu utoto wangu na sikujua kuwa kila kipande chake kilikuwa mwaka mzima wa mtu. Migomba iliyokuwa ikitikisika nje ya mlango, ambayo mimi niliiona kama mvua au kama udongo, kitu ambacho kipo tu, mwanamke mmoja aliiazimia.

"Na mwaka huu?" nikauliza.

Alitema maganda ya kahawa kwenye kiganja, akayatazama.

"Mwaka huu nakwenda Goziba."

Goziba ni kisiwa cha wavuvi, mbali ndani ya ziwa, hakuna njia ya kufika ila boti. Nilijua tangu zamani kuwa nina baba mdogo huko, mdogo wao wa mwisho, aliyekwenda kuvua akiwa kijana na hakurudi. Picha yake hatukuwa nayo. Nyumbani jina lake lilikuwa halitajwi, na sisi watoto tulikuwa tumejifunza kutouliza.

Siku hiyo shangazi aliniambia sababu. Bibi yangu, mama yao, alipofariki, yule mdogo hakuja kuzika. Walimtumia habari kwa wavuvi, wakasubiri siku mbili, wakazika. Na pale kaburini, mbele ya ukoo wote, shangazi alisimama akasema kwamba mama alizaa watoto wawili tu, yule wa ziwani ahesabiwe amefutika.

"Nilikuwa na hasira, na nilikuwa mkubwa wao, hakuna aliyenizuia. Hata baba yako alinyamaza. Miaka zaidi ya thelathini." Akajipangusa mdomo kwa kanga. "Nataka kulitoa lile neno kabla sijafa."

Nikatoa simu. Nikamwambia namba ya baba mdogo haiwezi kukosekana, kisiwani siku hizi kuna mtandao, tungeweza kumpigia pale pale.

Alinitazama kama nimemtukana. "Nililisema nimesimama, mbele ya watu. Nilitoe nimekaa, kwenye kitu cha kuweka sikioni?"

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, nilikaa kwenye kizingiti nikafungua daftari, nikakata yale maazimio yote kwa mstari mmoja wa mshazari. Chini yake nikaandika: *Kumpeleka shangazi Goziba.* Nilitazama ule ukurasa mtupu uliobaki nikaogopa kidogo, kama mtu aliyetoa samani zote nyumbani.

Niseme ukweli, kuacha mambo kulinichukua muda mrefu kuliko kuyafanya. Januari nzima niliandika barua. Mwenyekiti wa parokia aliniuliza kama nimekwazika; sikuwa nimekwazika. Kiongozi wa kwaya alisema wataanguka bila mimi. Kuku nilimpa jirani mwenye nafasi na moyo wa kuku. Kozi niliifuta kwenye simu, nikakaa nikingoja kitu kibaya kitokee. Hakikutokea. Mwezi wa tatu nikasikia katibu mpya wa parokia anaandika kumbukumbu nzuri kuliko zangu, na kwaya iliimba Pasaka nzima bila kuanguka. Iliniuma siku moja, kisha ikanifurahisha sana.

Kila mwisho wa mwezi nilikwenda Kimwani. Safari ilihitaji maandalizi ambayo sikuyatarajia. Magoti ya shangazi yalikuwa mabaya, naye akajipangia kutembea mpaka bondeni na kurudi kila asubuhi. Maji aliyaogopa kuliko kitu chochote duniani. Hakuwahi kuingia mto uliomfika juu ya kifundo cha mguu. Siku moja nilimkuta amekaa uani miguu ikiwa ndani ya beseni kubwa, amefumba macho, anaitikisa ili maji yampige.

"Nazoea," alisema.

Mimi nilifanya jambo moja kwa siri. Nilipata namba ya mwenyekiti wa mwalo, yaani msimamizi wa pale boti zinapotia nanga, nikampigia kuuliza kama baba mdogo yuko hai. "Yupo," alisema. "Havui tena. Anashona nyavu." Nikamwomba asimwambie chochote. Nilipomaliza kuongea nikagundua kuwa miezi yote ile nilikuwa naogopa kumfikisha shangazi kwenye kaburi jingine.

Kisha kuna asubuhi ya mwezi wa tano ambayo siwezi kuisahau. Nilifika Kimwani mapema kuliko nilivyoahidi. Mlango wa jiko, lile banda la nje, ulikuwa wazi nusu, nikasikia sauti yake. Nilidhani ana mgeni. Nikachungulia. Alikuwa peke yake, amesimama wima mbele ya mafiga, bila fimbo, kanga amejifunga vizuri kama anakwenda kanisani. Alikuwa anajifunza kusema lile neno. Alilisema, akakwama, akarudi mwanzo. Akalisema tena. Mara ya tatu sauti ilimkatika katikati, akaweka mkono ukutani, akavuta pumzi, akaanza upya.

Nilirudi nyuma kwa vidole vya miguu hadi barabarani, nikakaa kwenye jiwe. Mimi nimesimama mbele ya madarasa kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Sikuwahi kufanya maandalizi ya namna ile kwa jambo lolote.

Tulikwenda mwezi wa sita, shule zilipofungwa. Kulipopambazuka tulikuwa mwaloni, ufukweni mwa Muleba. Boti la mbao lilikuwa limesimama kidogo ndani ya maji, na abiria walikuwa wakibebwa mgongoni na wanaume wenye miili mikubwa wanaofanya kazi hiyo. Mmoja alikuja akachuchumaa mbele ya shangazi.

"Panda, bibi."

Shangazi alimtazama mgongo kwa muda mrefu. "Sijabebwa tangu mama yangu aniteremshe," alisema, kisha akapanda. Yule mwanaume aliingia majini polepole, na shangazi alikuwa amefumba macho, midomo yake ikitamka sala ile ndefu aliyojifunza mwaka mzima. Botini walimvalisha jaketi la uokozi la rangi ya chungwa. Alinishika kifundo cha mkono na hakuniachia mpaka tulipofika. Alama za vidole vyake nilikaa nazo siku kadhaa.

Sasa nieleze lile ziwa, na sijui kama nitaweza. Mimi nimezaliwa Kagera. Kila mwaka nimelichora Ziwa Viktoria ubaoni kwa chaki ya bluu, kubwa kidogo kuliko sahani, nikaandika visiwa vyake, nikawatajia wanafunzi ukubwa wake na kina chake, na kengele ikilia nalifuta kwa kitambaa. Kutoka Bukoba mjini nimelitazama maelfu ya mara, kama mtu anavyotazama ukuta wa nyumba ya jirani. Sikuwahi kuwa ndani yake. Baada ya muda vilima vya Muleba vilikuwa mstari, kisha rangi, kisha havikuwepo. Nikageuka mbele: maji. Kushoto, kulia: maji. Mbingu ilikuwa imeshuka pande zote ikagusa maji, na sisi tulikuwa katikati kabisa, wadogo kuliko punje. Nilihisi kichwa changu kimefunguliwa juu. Mambo yote niliyowahi kuyafundisha kuhusu ziwa hili yalikuwa kweli, na hayakuwa yameligusa.

Mbele zilitokea nguzo ndefu nyeusi zikipanda toka majini hadi juu sana, zikiyumba. Nilidhani kisiwa kinaungua. Nahodha alicheka. "Ni wadudu hao, mwalimu. Funikeni nyuso." Tukapita ndani ya nguzo moja. Kwa dakika nzima dunia ilikuwa mlio mmoja mwembamba na vijidudu laini visivyohesabika vikitupiga juu ya kanga. Kisha jua tena.

Katikati ya safari nahodha alizima injini ili abadilishe tangi la mafuta. Kelele zilipokatika, kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa mno hata abiria waliokuwa wakipiga soga walinyamaza. Maji yaligonga mbao. Shangazi akafungua macho kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Aligeuza shingo taratibu, upande mmoja, upande wa pili, nyuma.

"Kumbe alikuwa mbali hivi," alisema.

Nikadhani amemaliza.

"Mimi nilidhani amekataa tu kuja. Tulimngoja siku mbili." Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. "Siku mbili, kwa maji haya."

Tulifika saa tisa alasiri. Goziba ilikuwa na vibanda vya mabati vilivyobanana hadi ukingoni mwa maji, redio tatu zikiimba nyimbo tofauti, na dagaa walioanikwa eneo kubwa hivi kwamba ardhi yote iling'aa kama kisu. Niliwasikia watu wakiongea Kijita, Kisukuma, Kikerewe, na Kihaya chetu hapa na pale. Mwenyekiti wa mwalo, mwanaume mnene aliyevaa jezi ya mpira, alitupokea akatutangulia bila maswali.

Baba mdogo alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wavu umemfunika magoti, ameushika kwa kidole gumba cha mguu, anashona. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe zote. Alipoinua uso niliona paji la uso la baba yangu, na nusura nimwamkie kwa jina la baba. Alitutazama. Mimi hakunijua. Alimtazama shangazi, na sindano ya nyavu ikasimama hewani.

"Dada?"

"Usiniamkie kwanza," alisema shangazi. Sauti yake ilikuwa kali, ile ile ya kila siku. "Inuka. Ita watu."

"Watu gani?"

"Wowote. Waliopo."

Mwenyekiti ndiye aliyewaita. Walikuja wavuvi, wanawake wa dagaa wakiwa na magamba mikononi, mama muuza chapati na mwiko wake, labda watu thelathini. Hawakujua wameitiwa nini. Walisimama duara kama watu wanavyosimama kwenye ajali. Shangazi alinipa fimbo yake niishike. Nikamwuliza polepole kama anataka kukaa. Akatikisa kichwa. Alianza kwa Kihaya, na sauti moja nyuma ikasema, "Atafsiri basi, sote tusikie." Kwa hiyo ni mimi niliyeyasema kwa Kiswahili maneno yale, nyuma yake, moja moja.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema. "Tulipomzika mama hakuwepo. Mimi nilisimama mbele ya ukoo nikasema, mama alizaa wawili, huyu amefutika. Hakuna aliyenizuia kwa kuwa mimi ni mkubwa. Leo nimekuja kulichukua neno langu. Mama alizaa watatu. Huyu ni wa tatu. Nilikosa."

Hakukwama hata mara moja.

Redio ziliendelea kuimba mbali. Baba mdogo alikuwa amesimama na wavu ukiwa umemwangukia miguuni.

"Dada," alisema, "neno hilo mimi silijui. Nani angeniletea? Ndiyo kwanza nalisikia leo."

Shangazi aligeuka akanitazama mimi.

"Habari za mama nilizipata baada ya wiki mbili," aliendelea. "Nilikuwa kambi nyingine. Nikasema sasa nitakwendaje, nikute udongo umeshakauka? Nitawatazamaje? Nikasema nitakwenda mwakani. Mwakani ikawa vigumu zaidi. Nilikuwa naona haya, dada. Sikuwa na hasira na mtu."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Shangazi akakaa chini pale pale kwenye mchanga wenye magamba. Mwanamke mmoja wa dagaa, ambaye sikuwahi kumwona na sitamwona tena, alifungua kanga yake ya juu akaitandika kando, akamsogeza shangazi juu yake, akarudi mahali pake. Baba mdogo naye alikaa chini. Hawakukumbatiana. Walikaa bega kwa bega wakitazama maji, kama watoto waliotumwa mahali wakachoka njiani. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kimya, kama wanavyotoka kanisani baada ya komunyo. Mama muuza chapati alikuwa akilia huku ameinua mwiko.

Mimi nilisimama na fimbo mkononi. Nimesimulia habari hii kwa watu wachache, na wengine husema ni ya kusikitisha, kwamba alibeba mzigo mzima kwa jambo ambalo lingekufa lenyewe. Siku ile sikuhisi hivyo. Nilihisi kama pale botini injini ilipozimwa. Mwanamke ambaye hajui kusoma, anayeogopa maji hata ya beseni, alikuwa amevuka ziwa zima ili asimame dakika mbili. Nilikuwa nimewahi kuona ukubwa gani kuushinda huo?

Tulikaa siku mbili kungoja boti. Baba mdogo alitupikia sangara kwa mikono yake, na shangazi alipotaka kumnyang'anya sufuria alimfukuza. Walizungumza mambo madogo: ng'ombe aliyekuwa na pembe moja, mwalimu wa dini aliyependa kupiga, namna mama yao alivyopiga chafya. Siku ya kurudi, tukiwa tumeshapoteza kisiwa nyuma yetu, nilimwuliza shangazi kama anajuta, maana laiti angenyamaza, mdogo wake asingejua kamwe.

"Yeye asingejua," alisema. "Mimi je?"

Safari hii alisafiri macho wazi.

Mwaka ule sikufanya kingine cha kuandikwa. Matokeo ya wanafunzi wangu yalikuwa ya kawaida. Maji nilikunywa nilipoona kiu. Lakini mabinti zangu walianza kuingia jikoni kuniambia mambo kwa mdomo, mambo yasiyo na haraka yoyote, na mara nyingi nilikuwa pale. Rafiki mmoja aliniuliza ninafanyaje kupata muda. Sikujua namna ya kumweleza kuwa nilikuwa nimeona jambo moja lilivyo kubwa likifanywa peke yake.

Baba mdogo alikuja Kimwani mwezi wa kumi na moja, wakati wa senene, wale panzi tunaowala, bila kutuarifu. Shangazi ndiye aliyenipigia, sauti juu, kana kwamba simu ni kitu cha kupigia kelele. Nilifika kesho yake mchana. Niliwakuta ndani ya kibanja, baba mdogo mbele, shangazi nyuma yake. Baba mdogo alikuwa anatembea shina hadi shina, anaweka kiganja kwenye mgomba, anataja aina yake kwa Kihaya, kama anavyoikumbuka.

"Sio hiyo," shangazi alikuwa akisema. "Umesahau. Sema tena."

Naye alikuwa akisema tena.